Tutatoka Suluhu

Nyumbani kwetu neno suluhu lilikuwa na maana moja tu, nayo ni bila kwa bila. Baba aliyapenda matokeo hayo kuliko ushindi. Ushindi, alisema, huacha watu wanalia kwenye basi, lakini timu zikitoka suluhu kila mtu hurudi kwao na hamu ya kula. Falsafa hiyo ilimfaa sana mtu mwenye washambuliaji kama wa kwetu.

Baba ni fundi wa friji. Mchana huwa amelala chali nyuma ya friji za watu, na jioni huwa kocha, mwenyekiti, katibu, mtunza vifaa na dereva wa timu ya wasichana aliyoianzisha mwenyewe, inayofanya mazoezi kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya ghala la saruji. Vyeo hivyo vyote alivibeba bila kulalamika. Mikutano mikuu ya klabu ilifanyika jikoni kwetu, na haikuwahi kuwa na upinzani isipokuwa siku niliyowasilisha hoja ya kutokuwa na imani na kocha, kwa kuwa alikuwa ameniketisha benchi msimu mzima. Hoja ilianguka. Mimi nikatoka na jina la utani, Benchi, nililopewa na binamu yangu.

Binamu huyo ni mtoto wa shangazi, dada yake baba. Shangazi alipofuata kazi mji mwingine alimwacha kwetu kabla hajamaliza kung'oa meno ya utoto, na hapo akakulia. Mama yangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya watu watatu na friji nne, tatu zikiwa za wateja. Kwa kuwa binamu amerithi jina la bibi yetu, baba hakuthubutu kumwita jina lake hata siku moja. Alimwita Mama. Mama, umekula? Mama, umefunga mlango? Uwanjani mashabiki walimwita Kufuli, maana alikuwa kipa, na mpira uliomfikia yeye ulikuwa umefungiwa.

Ukipa aliujifunzia koridoni. Kila jioni baba alikunja soksi zikawa mviringo, akamrushia, na soksi iliyompita ikagonga mlango wa choo ilihesabiwa goli. Mimi nilikuwa refa, nikipokea hongo waziwazi kutoka pande zote. Glovu zake za kwanza baba alizitengeneza kwa glovu za kazi, viganjani akashonea vipande vya ule mpira unaozunguka mlango wa friji, ule unaonata ukifunga. "Mlango wa friji hauachii ovyo, Mama," alimwambia. Kufuli alizivaa mpaka vidole vikachungulia nje.

Alipotimiza miaka kumi na sita, shirikisho la mpira likataka kila klabu iwe na mikataba ya wachezaji. Baba akaazima mkataba wa klabu moja kubwa, akaunakili neno kwa neno na kubadilisha majina tu. Kifungu kimoja alitusomea mara mbili kwa furaha: kwamba mgogoro wowote kati ya klabu na mchezaji utapelekwa kwenye usuluhishi, na uamuzi utakaotolewa huko utakuwa wa mwisho.

"Mnaona watu wenye akili," alisema. "Hata wakigombana, wanatoka suluhu."

Mwalimu wetu wa Kiswahili shuleni angemweleza kwamba neno na mtoto wake hawafanani tabia kila siku. Suluhu ni mzazi mpole. Usuluhishi ni binti yake aliyesomea sheria. Lakini mwalimu hakuwepo jikoni, na mimi nilikuwa nashughulikia jambo zito zaidi, la kubadilisha kalamu ya baba na kumwekea ile isiyoandika.

Kalamu ilipopatikana, baba aliketi upande wa dirishani akasaini kama mwenyekiti wa klabu. Kisha akaona pengo la sahihi ya mlezi, maana mchezaji alikuwa mtoto. Akainuka, akabeba kiti chake kwa heshima zote, akaizunguka meza, akaketi kando ya Kufuli, akakohoa, akasaini tena.

Kufuli akauliza kama mlezi ameridhika. Baba akajibu kwamba mlezi ni mtu mkali, ila mwenyekiti amembembeleza sana. Tulicheka mpaka chakula kikapoa.

Miaka miwili baadaye klabu moja ya nje ya nchi ikamwona Kufuli, ikamtaka. Alikuja wakala, bwana mwenye simu mbili aliyeongea kwenye zote kwa pamoja, akamwambia asimwambie mtu mpaka karatasi zikamilike, eti biashara ya mpira haipigiwi ngoma. Kufuli akasaini. Kilichobaki ni klabu yake ya zamani, yaani baba, kuridhia kwenye mtandao wa shirikisho ili hati ya uhamisho itoke kabla dirisha la usajili halijafungwa mwisho wa mwezi. Likifungwa, nafasi ile ingekwenda kwa kipa mwingine, na nafasi kama ile haimrudii mtu.

Baba alizipata habari kwa simu, akiwa ndani ya chumba cha barafu cha muuza nyama, bisibisi mkononi. Aliyempigia alikuwa afisa wa shirikisho, naye alimpigia ili ampongeze. Baba akasema asante. Aliporudi nyumbani midomo yake ilikuwa bado imepauka, na hakuwa amekaa kwenye baridi muda mrefu kiasi hicho.

Hakugomba. Heri angegomba. Alikula, akanawa mikono, akamwambia Kufuli kwamba mkataba wake na klabu bado una msimu mmoja. Kufuli akasema anajua. Baba akasema kwamba kama mchezaji ana malalamiko, utaratibu umeandikwa. Lilikuwa ni neno "mchezaji" lililonifanya niache kutafuna.

Tangu siku ile nikawa tarishi wa watu wawili wanaokaa nyumba moja. Mwambie kocha chakula kiko mezani. Mwambie mchezaji nimeshiba. Nilibandika tangazo kwenye mlango wa friji kuitisha mkutano wa dharura wa klabu, ajenda ikiwa moja tu, ukaidi. Akidi haikutimia. Kufuli akahamia kwa rafiki yake, wakala akamtafutia wakili, na wakili akalifikisha shauri kwenye usuluhishi, kama kifungu kilivyotaka.

Wito ulipofika nilitegemea baba atanuna. Badala yake alionekana kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akasema vizuri, huko tutakaa, tutasemeshwa na watu wazima, yataisha. Akapiga pasi shati lake la sherehe akipuliza mluzi.

Shauri lilisikilizwa ghorofani, juu ya ofisi za bima, kwenye chumba chenye meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kama ukuta wa mabeki. Kiyoyozi kilikuwa kinakoroma. Baba alikisikiliza kwanza kabla ya kumsikiliza mtu yeyote, akaninong'oneza kwamba kompresa ile inakufa. Nadhani hilo ndilo jambo pekee alilokuwa na hakika nalo siku nzima.

Msuluhishi alikuwa mwanamke wa makamo, mwanasheria wa michezo, miwani yake ikining'inia shingoni kwa kamba kama filimbi ya refa. Alitusalimia vizuri, akaeleza kwamba mezani pale hakuna mjomba wala mpwa. Yupo mlalamikaji, ambaye ni Kufuli, na yupo mlalamikiwa. Baba hajawahi kulalamikiwa hata na yule mteja ambaye friji yake ilishika moto. Akakaa wima.

Kisha msuluhishi akasema jambo ambalo kila nikilikumbuka natamani ningeziangusha chupa zote za maji ili lirudiwe. Alisema kabla hajaanza, kama pande mbili zingependa kuzungumza zenyewe kwanza, kuna chumba kidogo hapo pembeni, kina hata chai, na yeye atasubiri. Kufuli akainua uso. Akamtazama baba moja kwa moja, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahame. Wakili wake, kijana mwenye viatu vinavyong'aa kama sufuria mpya, naye akamgeukia baba.

"Hakuna haja, mheshimiwa," baba akasema kwa adabu zote. "Tumekuja kusuluhishwa. Endelea tu."

Yeye alidhani kwa jibu hilo ameshika mkono alionyooshewa. Kufuli aliona mkono umesukumwa. Akainama, na wakili akafungua faili lake.

Maswali yalikuwa mafupi. Nani alisaini kwa niaba ya klabu? Baba. Nani alisaini kama mlezi wa mtoto? Baba. Kisha nikaitwa mimi. Nilikuwa nimejiandaa kuwa shahidi wa kutisha, wa kujibu kwa mafumbo na kuomba maji kila mara. Wakili akauliza kama nilikuwepo siku ya kusaini, nikasema nilikuwepo. Akauliza kama kulikuwa na mtu mzima mwingine yeyote mezani, asiye mtu wa klabu, aliyekaa upande wa mtoto. Nikamtazama baba. Baba akanipa ile ishara ya kichwa anayonipa tangu utoto wangu kila ninapokamatwa na kosa: sema kweli.

"Alihama kiti," nikasema.

Msuluhishi akaniomba nifafanue. Nikaeleza jinsi kiti kilivyoizunguka meza, na kikohozi, na mlezi mkali aliyebembelezwa na mwenyekiti. Nilieleza vizuri kuliko nilivyowahi kueleza jambo lolote, nikisubiri wacheke, kwa sababu sisi tulicheka. Msuluhishi aliandika tu. Wakili wa Kufuli akafunga kalamu yake kama mtu aliyeshiba.

"Mzee wangu," msuluhishi akamwambia baba, "kazi ya mlezi ni kumlinda mtoto dhidi ya klabu. Hapa mlezi na klabu ni mtu mmoja. Ulisaini pande zote mbili."

"Nilikuwa pande zote mbili," baba akasema.

Hakusema kwa ubishi. Alisema kama anayeelekeza mgeni nyumbani kwake.

Msuluhishi akavua miwani. Akaeleza kwamba kila upande lazima useme unaomba nini mwishoni mwa shauri. Upande wa mlalamikaji umeshasema: mkataba utamkwe kuwa batili na klabu imwachie mchezaji. Yeye mlalamikiwa anaomba nini? Baba akafikiri sana. Kiyoyozi kikakohoa mara kadhaa.

"Nataka aniage."

Wakili akauliza kama hiyo ni hoja ya kisheria, msuluhishi akamtuliza kwa kiganja. Baba akaendelea polepole, akimweleza msuluhishi peke yake, kana kwamba Kufuli hakuwemo chumbani. Alisema klabu ile ni kubwa, na angemshangaa Mama kama angeikataa. Hakuwahi kufikiria kumzuia. Ila mtoto akitoka nyumbani huaga, hata anayetumwa dukani huaga. Kama angeaga pale jikoni, yeye baba angeridhia chai ikiwa bado ya moto. Alikuja hapa ili mtu mzima amwambie Mama aage, naye amwambie nenda, watoke suluhu.

Kufuli alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, kile kiganja chake kipana.

Msuluhishi akasema anamwelewa, na naamini alimwelewa, kwa sababu alitoa tena nafasi ya kile chumba kidogo. Wakili akamwinamia Kufuli. Nilikuwa karibu, nikasikia: dirisha linafungwa kesho, shirikisho linataka uamuzi wa maandishi, machozi hayapandi kwenye mtandao. Halafu akainuka akasema mteja wake anaomba uamuzi. Sote tukamtazama mteja wake. Kufuli hakuondoa kiganja mdomoni. Baadaye aliniambia kwamba angekiondoa angelia mbele ya wageni, na hakuwa na hakika angenyamaza lini. Basi ukimya wake ukaandikwa kuwa ndiyo.

"Sina mamlaka ya kumwamuru mtu aage," msuluhishi akamwambia baba, kwa sauti ya mtu anayetamani angekuwa nayo. "Nina mamlaka ya kusema mkataba huu unamfunga au haumfungi."

Baada ya mapumziko akasema haumfungi. Mkataba ni batili, klabu imwachie mchezaji mara moja, na uamuzi huo ni wa mwisho.

"Kwa hiyo ni moja bila," baba akasema.

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na marudiano hakuna."

"Hakuna."

Baba akatikisa kichwa kukubali. Alikisukuma mpaka mezani kiti alichokalia, akamshukuru, na alipofika mlangoni akageuka kumwambia amwite fundi wa kile kiyoyozi kabla hakijaunguza waya.

Kufuli alimkimbilia kwenye ngazi. "Mjomba," akaita. Baba akasimama, akaweka kola yake sawa, akampa mkono kama makocha wanavyopeana mikono filimbi ya mwisho ikilia. "Hongera, mchezaji," akasema, akaendelea kushuka.

Kufuli akakaa kwenye ngazi palepale. Nikakaa naye. Alisema, "Benchi, ningemwambia mapema angelia. Na akilia mimi siendi popote. Unamjua." Nilimjua. Nikamwambia wakala wake ana meno kama kinanda, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Alicheka kidogo, kicheko kibaya.

Uamuzi ule baba aliutii jioni ileile. Kwa kuwa mitandao humpiga chenga, mimi ndiye niliyemshikia simu mpaka akafika palipoandikwa kuwa klabu inaridhia. Alibonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayejaribu waya usiojulikana una umeme au hauna.

Siku ya safari Kufuli alikuja kuaga. Alibisha hodi kwenye nyumba ambayo ufunguo wake bado alikuwa nao mfukoni. Baba akamkaribisha, akampa kiti cha wageni, kile chenye kitambaa, akanituma soda. Soda, kwa binti aliyekuwa akinywa maji kwa kukinga mdomo bombani. Wakazungumzia hali ya hewa ya huko aendako. Kisha Kufuli akakusanya mikono magotini akasema, "Mjomba, nimekuja kuaga," na baba akamjibu aende salama, akajitunze, asisahau kula. Kila neno lililotakiwa lilisemwa. Ilikuwa kama friji ambayo ukifungua taa inawaka, lakini ndani hakigandi kitu.

Alipoinuka akauliza kama anaweza kuondoka na zile glovu za zamani, za mpira wa mlango wa friji. Baba akatazama dirisha. Akasema vifaa ni mali ya klabu, na uamuzi haukuvitaja. Kufuli akasema sawa. Alipokuwa ameshapotelea njiani nilimkuta baba akizifuta glovu zile kwa kitambaa kilowevu, kidole kimoja kimoja, akiingiza mkono mahali palipotoboka.

Timu ikabaki bila kipa, na hivyo ndivyo nilivyotolewa benchi: kwa uamuzi wa mwisho usio na rufaa. Baba alinikabidhi glovu bila hotuba. Mechi yangu ya kwanza wachezaji wenzangu walinipa pole kabla haijaanza. Mpira ulinigonga goti, ulinigonga mgongo, na mara moja ulinigonga kichogo nilipokuwa nautafuta upande mwingine. Sijui ni kwa huruma ya nani, lakini haukuingia.

Karibu na mwisho ikapigwa pasi ndefu, mshambuliaji wao akabaki peke yake, nami nimeganda mstarini. Sauti ya baba ikatoka pembeni, ile ya koridoni, ya soksi.

"Mama, toka."

Uwanja mzima ulisikia. Mabeki wetu waligeuka wakamtazama. Mimi nikatoka, kwa kuwa kuna mtu ilibidi atoke, nikajitupa, na mpira ukanata kwenye ule mpira wa friji kama umefika nyumbani. Refa akamaliza. Bila kwa bila.

Zamani angeingia uwanjani akicheza. Siku hiyo alikwenda kuokota koni za mazoezi, ametupa mgongo, na alizipanga na kuzipangua muda mrefu kuliko koni zinavyohitaji.

Tulipofika nyumbani nikamwandikia Kufuli kwamba tumetoka suluhu. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini: "Na Mjomba?"

Baba alikuwa amelala chali nyuma ya friji ya mteja, miguu tu ikionekana. Nikaisomea ile miguu ujumbe kama ulivyo. Bisibisi ikanyamaza. Nilidhani ataniambia nimwambie mchezaji hatujambo.

"Mwambie mechi ilikuwa ngumu," akasema kutoka kule nyuma. Nikasubiri na kidole changu juu ya simu. "Mwambie kipa alichelewa kutoka."

Nikaandika hivyohivyo.